Doa Jekundu kwenye Shuka Letu

Naandika haya asubuhi, chai haijapoa na usingizi haujanitosha, kwa hiyo nikirukaruka nistahimilini. Jana usiku nimeona filamu iliyotengenezwa kabla sijazaliwa, na nina hasira, hasira tamu, kwamba hakuna aliyenikamata shati miaka kumi iliyopita akanikalisha chini niitazame.

Inaanza hivi. Makomamanga matatu juu ya kitambaa cheupe. Mtu hayupo, mkono haupo. Mara wekundu unajitokeza chini ya matunda, kidogo kidogo, na kitambaa kinaunywa. Sasa, sisi tulikuwa tumetundika shuka la kitanda uwani, na projekta tumeiazima kwa jirani anayewaonyeshea vijana mechi za mpira. Kwa hiyo lile doa halikutokea Armenia. Lilitokea kwenye shuka letu. Mama mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye mkeka na kofia ya kiua mapajani, sindano mkononi, akaguna: "Lo, shuka langu hilo!" Alikuwa anatania, lakini nusu tu.

Kisha jambia, nalo linatoa wekundu wake. Kisha unyayo wa mtu, mtupu, unaponda zabibu juu ya jiwe lililochongwa maandishi, na maji ya zabibu yanapita ndani ya herufi. Kisha samaki wanagaagaa, hawajafa bado. Dakika tatu hazijaisha na mimi nimeshashika kichwa.

Filamu inaitwa Rangi ya Komamanga. Waarmenia wenyewe husema Nran Guyne. Mwongozaji ni Sergei Parajanov, na ilitoka mwaka 1969 katika studio ya Armenfilm, enzi za Usovieti. Inamhusu Sayat-Nova, mshairi na mwimbaji wa karne ya 18. Nasema inamhusu, lakini ukienda ukitegemea kuambiwa alisoma wapi, akamwoa nani na akaacha watoto wangapi, utarudi mikono mitupu. Filamu yenyewe inaonya mwanzoni kwamba haisimulii maisha ya mshairi. Inatafuta ulimwengu uliokuwa ndani yake. Nilidhani ni maneno ya kujikinga, yale ambayo wasanii huyaweka mlangoni ili mtu asije akadai nauli yake. Nilikosea. Kwa dakika 78 hivi, mazungumzo takriban hakuna. Kamera imesimama kama imepigiliwa misumari, na mbele yake watu wanapanga vitu, wanavinyanyua, wanavigeuza, kisha wanatutazama. Wanatutazama kweli, usoni, bila kupepesa, kama watu walio ndani ya picha za miswada ya kale ya Kiarmenia, ambazo ndizo Parajanov alizozifuata katika kupanga kila fremu.

Kwa ambao, kama mimi hadi juzi, hawamjui: Sayat-Nova alizaliwa Tiflis, mji unaoitwa Tbilisi leo, na mwaka unaotajwa sana ni 1712. Jina lake la nyumbani lilikuwa Harutyun. Sayat-Nova ni jina la uimbaji, na wengi hulifasiri kuwa Mfalme wa Nyimbo. Alitunga kwa Kiarmenia, kwa Kigeorgia na kwa Kituruki cha Azerbaijan, maana ndizo lugha zilizosikika katika mji wake. Alikuwa ashugh. Litamke neno hilo taratibu, ashugh, usikilize kilichomo ndani yake: ashiki, neno letu kabisa. Shina ni lilelile la Kiarabu, la mwenye kupenda. Kule likawa cheo cha mwimbaji na kamancha yake, fidla ya kuwekwa gotini; huku kwetu likabaki kuwa jina la ugonjwa wenyewe. Niligundua hilo saa nane za usiku nikacheka peke yangu gizani.

Maisha yake kwa kifupi, kwa sababu filamu haitakupa: utotoni alifunzwa ufumaji, akakua akawa mwimbaji katika kasri la Erekle wa Pili, mfalme wa Georgia. Simulizi husema alimpenda Anna, dada wa mfalme, na kwamba ndilo lililomtoa kasrini. Akawa kasisi, akaishia utawani. Mwaka 1795 jeshi la Agha Mohammad Khan wa Uajemi lilipoingia Tiflis, naye akauawa. Yote hayo yamo kwenye filamu, ila yamo kama chumvi ilivyomo kwenye mchuzi. Usiifukue. Onja tu.

Na sasa vitabu. Jamani, vitabu!

Mshairi bado ni mtoto. Mvua kubwa imenyesha, vitabu vya monasteri vimelowa. Watawa wanavibeba, mibuku mizito, wanavikandamiza, na maji yanachuruzika kutoka kwenye kurasa kama mtu anayekamua tui. Halafu wanavipandisha juu ya mapaa kuvianika. Unaonyeshwa jengo zima, mapaa na kuta, limefunikwa vitabu vilivyofunguliwa, vingi hata huwezi kuvihesabu, upepo unafunua kurasa zote kwa pamoja, na katikati yao yupo mtoto mmoja tu. Hakuna neno. Ni sauti ya kurasa. Sehemu za filamu zimepigwa katika monasteri halisi za kaskazini mwa Armenia, Haghpat na Sanahin, zilizosimama tangu karne ya 10, na Haghpat ndiko Sayat-Nova anakosemekana kuishi utawa wake. Kwa hiyo mawe yale si ya kuigiza. Nimeona filamu nyingi zinazotaka kutueleza kwamba fulani alipenda vitabu tangu utoto: mtoto na taa, mama anamwita akalale. Hapa hapakuwa na maelezo, na mimi niliyehamishwa nyumba mara nne nikiwa na maboksi ya vitabu nilihisi uzito wa kila kimoja begani.

Ikaja sehemu ya sufu, na hapo nikampoteza mama mkubwa kabisa. Yaani filamu ilimchukua. Vishada vya sufu vinatolewa kwenye rangi vikiwa bado vinatoa mvuke, vinaning'inizwa, na matone yanadondokea sinia za shaba. To. To. To. Kila tone na rangi yake, kila sinia na sauti yake. Wengine wanafua mazulia kwa miguu, povu linatiririka. Mama mkubwa ameshona kofia tangu alipokuwa msichana, na jicho lake kwenye uzi halina msamaha. Akaweka sindano chini. "Ile ya kushoto haijakolea," akasema. "Irudishwe." Kisha, baada ya kimya: "Hebu nirudishie nyuma, mwanangu." Nikarudisha. Tukaitazama mara tatu, na mara ya tatu akakubali kwamba imekolea.

Hapo ndipo jambo lilipoanza kunikaa. Nilikuwa nimehangaika robo saa nzima nikijiuliza kila kitu kina maana gani: komamanga ni nini, samaki ni nini, kwa nini huyu amebeba jogoo. Mama mkubwa hakuuliza hata mara moja. Yeye alitazama kilivyofanywa. Nikaacha kufumbua mafumbo nikaanza kutazama kwa jicho lake, na nilichokiona ni kwamba katika filamu hii kila kitu kimelowa. Maji ya komamanga yanaingia kwenye kitambaa, mvua inaingia kwenye vitabu, rangi inaingia kwenye sufu, maziwa, mvinyo, jasho la bafuni, damu. Kila kitu kinaingia ndani ya kingine na hakitoki tena. Historia kwa Parajanov haina tarehe wala vita. Ni kitu kilichomwagika zamani, kikakauka, na doa lake bado lipo. Kuna wanaosema hata doa lile la makomamanga ya mwanzo lina umbo la ramani ya Armenia ya kale. Nililirudia nikakodoa macho. Ukitaka kuiona, utaiona.

Nimetaja bafu. Nitalipita haraka, kwa sababu ndivyo nilivyofanya jana. Mtoto anachungulia kutoka juu ya paa la hamamu, chini mfalme anasuguliwa mgongo, na mara kuna kifua cha mwanamke na kombe jeupe la pwani juu ya titi moja. Mama mkubwa akakohoa. Mimi nikapata haja ya ghafla ya kuangalia waya wa projekta. Lakini hata hapo nilikuwa nimeshaona kutosha kujua kwamba hamna uchafu wowote: ni mtoto anakutana na mwili kwa mara ya kwanza na hana jina la kuupa, kwa hiyo anaupa kombe.

Mshairi anakua. Kijana amesimama na kamancha, mzuri kupita kiasi. Kwingine binti wa kifalme anafuma kimia, kisha anakisogeza mbele ya uso wake, macho yanaonekana katikati ya matundu ya nyuzi, yanapotea, yanarudi. Wanazungumza kwa vitu tu: huyu akishika hiki, yule anajibu kwa kile. Hawagusani. Nilikuwa nimezama humo ndani niliposikia sauti kutoka mkekani.

"Mbona huyu na yule ni mtu mmoja?"

"Hapana, mama mkubwa. Yule ni mwanamume, ndiye mshairi mwenyewe."

"Mwanamume wa wapi! Tazama nyusi."

Nikasimamisha. Nikatazama nyusi. Wallahi ni mtu mmoja. Anaitwa Sofiko Chiaureli, mwigizaji wa Georgia, na amecheza mshairi kijana na mpenzi wake pia, na bado anarudi mbele katika sura nyingine, ya mtawa na ya malaika. Hakubadilisha sana uso. Amebadilisha namna ya kushikilia shingo! Anapokuwa mshairi, shingo inasubiri. Anapokuwa binti wa kifalme, shingo inajua. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo. Na ukishajua, tukio zima linageuka: mwenye ashiki amesimama mbele ya uso wake mwenyewe, na ndiyo maana hawawezi kugusana. Watu wameandika vitabu kueleza washairi wa mapenzi wanampenda nani hasa. Chiaureli amelimaliza kwa nyusi mbili.

Utawani mshairi anakuwa mtu mwingine, safari hii mwanamume kweli, Vilen Galstyan, na rangi zinashuka. Nyeusi, kijivu, mawe. Nikadhani sherehe imekwisha. Wapi! Watawa wamekaa safu, kila mmoja na komamanga, wanatafuna. Basi, ni hilo tu, wanatafuna, na sauti ya meno yao imewekwa mbele kabisa, kavu, ya ulafi, hata mate yakanijaa. Baadaye wanaponda zabibu kwenye mabirika ya mawe, mapaja mekundu. Kisha Katolikosi, mkuu wa kanisa lao, anafariki. Mtawa wetu anachimba kaburi ndani ya kanisa, na kondoo wanaingia. Wanazidi kuingia, mpaka kanisa limejaa kondoo ukuta kwa ukuta, na yeye katikati anaendelea kuchimba. Kwato, milio, koleo kwenye udongo. Nimehudhuria mazishi mengi, na mkanganyiko ule wa uhai unaojisukuma mlangoni wakati mtu mmoja anajaribu kumaliza kazi ya kuzika, sijawahi kuuona ukiwekwa kwenye filamu. Mama mkubwa alisema tu, "Ndivyo," akaendelea kushona.

Nisije nikaonekana nimelewa moja kwa moja. Kuna kipande katikati, cha kasrini, ambapo watu wanafanya maigizo ya bubu kwa mikono, wanazunguka na farasi na bunduki, na mimi nilichoka. Uzuri wote umo lakini joto lilipungua, na nilikwenda kuongeza maji kwenye birika bila kuona hasara. Mahali fulani anatokea lama. Ndiyo, lama, yule mnyama wa milima ya Amerika Kusini, katikati ya Kaukazi ya karne ya 18, na hakuna anayeshangaa isipokuwa sisi. Hilo nimelisamehe. Lililonipa tabu ni wanyama wanaochinjwa. Ni kuchinja kweli, mbele ya kamera. Sisi hatuogopi kuona kuku akichinjwa, uwani hapohapo amechinjwa mara ngapi, lakini huchinjwa aliwe. Sijafikia uamuzi kuhusu hilo na sijidai kwamba nimefikia.

Na sauti! Nimetaja meno na kurasa, lakini inabidi niseme jina la Tigran Mansurian, mtunzi wa muziki. Ameshona nyimbo za kanisa, kengele, ala za kienyeji na vishindo vya kazi za mikono kwenye kitambaa kimoja, hata hujui muziki unaanzia wapi na nyundo inaishia wapi. Projekta yetu haina spika ya maana. Niliunganisha ile ndogo ya simu, nikaiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, na sufuria ikatetemeka kila kengele ilipolia. Napendekeza njia hiyo kwa yeyote.

Swali lililonikesha: nani aliruhusu kitu kama hiki, Usovieti, mwaka ule? Jibu ni kwamba hawakukiruhusu hivihivi. Filamu ilikuwa na jina la mshairi mwenyewe, Sayat-Nova. Wakubwa wakasema mtazamaji hajifunzi lolote kuhusu mshairi wa taifa, basi jina litoke, na yale maandishi yanayotenganisha sehemu yaandikwe upya. Aliyepewa kazi ya kuandika mapya kwa Kiarmenia ni mwandishi Hrant Matevosyan. Hata hivyo haikutosha: kwa ajili ya sinema za Usovieti kwingineko, mwongozaji mwingine, Sergei Yutkevich, aliihariri tena, akaipunguza na kuipangua. Kwa miaka mingi huo mkato ndio watu wengi walioujua. Nakala tuliyoiona sisi ni ile iliyokarabatiwa kwa kufuata toleo la Armenia, kazi ya maabara ya Cineteca di Bologna pamoja na taasisi ya Martin Scorsese ya kuokoa filamu za zamani, ikaonyeshwa Cannes mwaka 2014. Ukiitafuta, tafuta hiyo. Wekundu wake unaweza kuunusa.

Parajanov mwenyewe, mtoto wa Tiflis kama mshairi wake, mwana wa mfanyabiashara wa vitu vya kale (na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila birika na kila kitambaa kimeshikwa kama kitu cha kurithi), alikamatwa Desemba 1973 na kuhukumiwa miaka mitano ya kazi ngumu. Alitoka mwishoni mwa 1977, baada ya wasanii wa nchi nyingi kupiga kelele, mshairi wa Ufaransa Louis Aragon akiwa mmoja wao. Gerezani hakuwa na kamera. Alichukua vifuniko vya foili vya chupa za maziwa, akavikwaruza kwa ukucha mpaka vikatoa sura za watu, kama sarafu. Filamu yake ndefu iliyofuata haikutoka hadi katikati ya miaka ya 1980. Alifariki Yerevan mwaka 1990, na nyumba ya makumbusho yake ipo hukohuko, imejaa vile alivyovikata na kuvibandika.

Mkidhani haya ni ya wazee wa sinema tu: ile video ya Lady Gaga ya wimbo 911, ya mwaka 2020, jangwa, mavazi, watu wanaocheza kwa ishara wakikukazia macho, mwongozaji wake Tarsem Singh aliitoa humu. Niliipenda sana video ile. Sasa nimeona kisima ilikochotewa maji, na ndoo inaonekana ndogo.

Nimefika mwisho wa filamu na sitaki kuuharibu, lakini sijui nitaufichaje. Mshairi ni mzee. Anaingia kanisani, na juu ukutani yupo fundi mwashi anajengea mitungi ya udongo ndani ya ukuta, midomo ikiwa wazi, ile inayotiwa ili sauti ipate mwangwi. Fundi anamwamuru kutoka juu, huku mikono yake haiachi kazi: imba! Baadaye, kwa sauti ileile, kama anayeomba apasiwe chokaa: kufa! Kisha mshairi analala sakafuni katikati ya mishumaa inayowaka, na kutoka juu wanaanguka kuku weupe waliokatwa vichwa, wanapigapiga mabawa, na mishumaa inazimika mmoja mmoja.

Shuka likabaki jeupe. Upepo ulikuwa umeanza kulisukuma. Sikuwa na la kusema, na ninaishi kwa kusema. Mama mkubwa alikata uzi kwa meno, akaigeuza kofia kuangalia upande wa ndani, akauliza kama projekta inarudishwa kesho au kesho kutwa. Nikamwambia kesho kutwa.

"Basi kesho tuanzie pale kwenye sufu," akasema. "Na upite sokoni Darajani, utazame kama kuna makomamanga."